Masaa Manne, Wasee Watano, Dunia Inaisha: Venye Unaongoza Gemu ya Giza Kwa Kon

Mara ya kwanza niliongoza gemu ya mezani kwa kon, karakta wa kwanza alidedi dakika ya hamsini. Mwenyewe, boy fulani alikuwa amevaa kosplei ya ninja ya kujishonea, alicheki karatasi yake, akanicheki mimi, akasema "haya basi," akaenda kutafuta smokie. Hakurudi. Nikabaki na wasee wanne, masaa matatu mbele yangu, na kiti tupu yenye kila mtu alikuwa anaiangalia kwa jicho la pembeni.

Kabla hatujaenda mbali: kon ni konvenshoni, zile siku mbili tatu mashabiki wa komiki, anime na gemu wanajaza ukumbi. Si ile kon ya msee kukupigia simu ati umeshinda promosheni, tuma elfu moja ya kufungua akaunti.

Tangu ninja ahepe nimeongoza stori hiyo hiyo mara saba, zingine kwa kon, zingine kwa keja za mabeshte, na imebadilika sana. Hapa nimeweka vitu ningependa mtu angenishow kabla ya ile ya kwanza. Kama unadai kuongoza fantasia ya giza mbele ya watu hujawahi ona maishani, kaa chini.

Kwanza, ni gemu ya aina gani

Kwa wenye hawajawahi: hii ni gemu ya mdomo. Msee mmoja, gemu masta, anasimulia dunia. Mko hapa, mlango ni ule, kuna kitu inapumua nyuma yake. Wengine kila mtu ana karakta wake na anasema huyo karakta anafanya nini. Penye hakuna uhakika, dadu inaamua. Hakuna mshindi kama kwa ludo. Mama ya hizi gemu zote ni Dungeons & Dragons, yenye Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Marekani mwaka wa 1974.

Fantasia ya giza ni ule upande wenye hakuna mfalme mzuri wa kuokoa. Karakta wako si shujaa, ni mwizi mwenye meno matatu na deni. Akishinda, ameshinda siku moja zaidi.

Na kuchezea hizi vitu kwa kon si mambo ya juzi. Gen Con, ile kubwa yao, Gygax aliianzisha 1968 mji wa Lake Geneva huko Wisconsin, ata kabla D&D izaliwe. Siku hizi iko Indianapolis, na 2023 ilivuta watu zaidi ya 70,000. Halafu kuna Tomb of Horrors. Hiyo Gygax aliipeleka kwa kon ya Origins 1975 kama mashindano: kaburi limejaa mitego, limetengenezwa kuaibisha wasee wanajiona wanajua gemu. Kuna sura ya shetani ya kijani imechongwa ukutani, mdomo wazi, ndani giza tupu. Ukiingia kwa huo mdomo, umeisha, ata maiti haipatikani. Ilichapishwa 1978 na mpaka leo watu wanaitaja na ile sauti tunatumia kutaja pepa ya hesabu ya KCSE.

Lakini shika hii: wasee wa 1975 walikuja kupimwa. Walijua ni mashindano. Mtu atakaa kwa meza yako amelipa tiketi, amepanda mat mbili kutoka Rongai, na amekupatia masaa manne ya Jumamosi yake. Ukimuua mapema ukamwacha akae, umemkula pesa. Hapo sasa ni kon ya ukweli.

Chagua sistimu ya kuelezwa na dakika kumi

Mimi natumia Mörk Borg. Ni ya Waswidi, maneno ya Pelle Nilsson na michoro ya Johan Nohr, ikatolewa 2020 na Free League. Jina linamaanisha ngome ya giza. Mwaka huo huo ilibeba tuzo ya bidhaa ya mwaka kwa zile tuzo za ENNIE. Kitabu chenyewe ni njano ya kuumiza macho, ndani herufi zinapiga kelele kama posta ya bendi ya metali. Kukiagiza mpaka ikufikie huku ni doh, lakini wenyewe wametoa toleo fupi la sheria bure kwa mtandao, linaitwa Bare Bones Edition. Na hilo linatosha sloti nzima.

Sababu ya kuichagua si njano. Ni ju sheria zinaingia kwa kichwa cha mtu mgeni haraka. Karakta ana vitu vinne tu vya kupimwa: nguvu, wepesi, uwepo na ugumu. Unataka kufanya kitu ya hatari? Rusha dadu ya pande 20, ongeza namba yako, ukifika 12 umeweza. Basi. Halafu kuna kitu tamu zaidi: gemu masta harushi dadu ya kushambulia. Jitu likikurukia, ni wewe unarusha kujitetea. Yaani sauti nyingi za dadu mezani zinatoka kwa mkono wa mchezaji, na mkono wako uko huru kushika saa, karatasi na chai.

Mimi niliacha kole second year so usiniulize hesabu ngumu, lakini hii ni rahisi. Kwa dadu ya pande 20, namba za kutoka 12 mpaka 20 ni tisa. Karakta wa kawaida hana nyongeza, so anaweza mara tisa kwa ishirini, asilimia 45. Anafeli zaidi ya venye anaweza. Waambie hivyo mapema, kwa sauti, kabla dadu ya kwanza. Mtu akijua anacheza mnyonge, kufeli kunakuwa stori. Asipojua, anadhani wewe ndio unamroga.

Uhai nao ni dadu ya pande nane na namba yako ya ugumu. Ndio, unaweza anza gemu na uhai wa moja. Silaha yako inaweza kuwa mfupa wa paja wa mtu. Ukifika sifuri kabisa, unarusha dadu ya pande nne kuona umevunjika aje: unaweza zimia, unaweza poteza jicho, unaweza anza kuvuja damu, unaweza dedi hapo hapo. Ukishuka chini ya sifuri hakuna majadiliano.

Kuna kitu moja usisahau kuwaelezea, na watu husahau: ishara. Karakta wa kawaida anaanza na ishara moja au mbili, na unaitumia kurudia dadu, ama kupunguza uchungu, ama kufanya pigo lako liwe kubwa kabisa. Wageni huzihifadhi kama pesa ya rent mpaka wadedi nazo mfukoni. Nimeanza kutumia vifuniko vya soda mbele ya kila mtu ndio wazione.

Karakta, na ile mambo ya ninja

Kitabu kinakuambia kila mtu atengeneze karakta kwa kurusha dadu kwa majedwali. Ni raha, enyewe, lakini wasee watano wakigawana kitabu kimoja watamaliza dakika arobaini. Huna hizo dakika. Kuna tovuti inaitwa Scvmbirther, unafinya tu karakta mpya anatokea na uchafu wake wote. Printi kumi na tano. Hapana, si watano. Kumi na tano.

Zipange kifudifudi kama karata, kila mtu achukue moja bila kuona. Hapo ndio meza inaamka. Dem mmoja mpole alifungua yake akasoma kimya, halafu akasema, "Kwani mimi ndio nani, niko na nyani?" na tukawa tumeanza.

Zile kumi zimebaki ni za maiti. Mtu akidedi, usimwombolezee. Mpatie sekunde zake, muulize maneno ya mwisho ya karakta ni gani, halafu weka ile rundo mbele yake achukue mpya. Na huyo mpya lazima awe amekaribia: ni mfungwa kwa chumba kinachofuata, ni mchimba makaburi amekuja kuuliza nani atalipa. Mimi najiwekea sheria ya dakika tano. Mtu wangu asikae mezani zaidi ya dakika tano bila karakta anayepumua. Tangu niweke hiyo sheria hakuna msee amehepa kutafuta smokie. Kuna wengine wamemaliza karatasi tatu na wakatoka wakijigamba.

Wachezaji watano ndio idadi. Wanne ni poa pia. Sita, mtu mmoja anageuka kuwa fanicha.

Saa ndio jitu kubwa

Sloti ya kawaida ni masaa manne, na masaa manne ya kon si masaa manne. Kuna kuchelewa, kuna kupiga picha na msee amevaa mabawa, kuna choo yenye foleni inafika mlangoni. Meza nyingi nimeona zikichoma, hazikuchoma ju ya stori mbaya. Zilichoma ju muda uliisha kama watu bado wanajadili mlango wa pili.

Mörk Borg yenyewe imekupatia dawa, na wengi hawaioni. Dunia ya hiyo gemu inakufa kwa ratiba. Kila alfajiri ya ndani ya stori gemu masta anarusha dadu, na ikianguka moja, janga linatokea. Majanga ni saba. La saba ni mwisho wa kila kitu, na kitabu kinakuagiza ukichome. Usikichome, bana, umelipia usafiri.

Kile mimi nimefanya ni kutoa dadu na kuweka saa ya ukuta. Tuseme sloti inaanza saa nne asubuhi na kuisha saa nane mchana. Kutoka saa nne mpaka nne na nusu ni salamu, karakta na sheria. Saa nne na nusu kamili napiga kengele ndogo ya meza, ile ya kuita mhudumu, nasoma janga la kwanza na gemu inaanza. Halafu kila nusu saa, ngling, janga lingine, ata kama kuna mtu yuko katikati ya sentensi. Hesabu na vidole: la saba linaangukia saa saba na nusu. Unabaki na nusu saa ya kumaliza vizuri na kubonga.

Kitu ya ajabu ni venye wachezaji wanabadilika. Kengele mbili za kwanza wanacheka. Ya nne, kuna mtu anaangalia simu yake anasema "wasee, tuko na dakika kumi." Hakuna jitu nimewahi elezea limewatisha kama hiyo saa. Na hawawezi lia ati muda umeisha vibaya, ju waliona ukiisha.

Stori yenyewe iwe ndogo. Mahali pamoja, kazi moja, chaguo moja mbaya mwishoni. Yangu iko hivi: kuna mnara wenye kengele, na watu wa hapo wanaamini kengele ikilia kila siku, mwisho wa dunia unachelewa. Mpiga kengele amenyamaza siku tatu. Karakta wenu ni wafungwa, mmetolewa kamba mpande mkaone. Juu mnampata mpiga kengele mzima, amekaa, na anawaambia alinyamaza makusudi, ju aligundua kengele haizuii ule mwisho, inauita. Anaweza kuwa anadanganya. Anaweza kuwa ameingia wazimu. Mtaipiga ama hamtaipiga?

Vyumba ni vinne tu njiani. Nimewahi kuwa na kumi na mbili. Tisa hazikuwahi onwa na mtu, na nilizichora usiku mzima kama mjinga.

Ile siku ya shosh

Hapa sasa ndio nilichoma mbaya.

Kwa toleo la kwanza, chini ya mnara kulikuwa na kijiji, na wanakijiji walikuwa wamefunga shosh mmoja kwa mti, wakisema ni mchawi na ndio amenyamazisha kengele. Kwa vitabu vya hizi gemu hiyo ni kawaida kabisa, nikainyakua bila kufikiria. Nilidhani inaongeza giza.

Wachezaji wawili wakaingia na mzaha. Nani ako na tairi, nani ako na petroli. Nikacheka nao, ju gemu masta meza ikichangamka anasahau kila kitu. Jamaa alikuwa kona, akicheza kasisi aliyefukuzwa, alinyamaza. Aliweka dadu juu ya karatasi yake, akaisukuma mbele kidogo, mikono akaweka mapajani. Alikaa hivyo mpaka mwisho. Alikuwa mpole sana kuhepa.

Nilimpata nje baadaye akingoja mat. Nikamuuliza kama gemu ilimbamba, na akasema ilikuwa fiti. Halafu akasema, "Ile ya shosh, lakini. Kwetu hiyo si stori." Mat ikakuja, akapanda.

Sikumuuliza zaidi na hakukuwa na haja. Oktoba 2021 huko Kisii wamama wanne wazee waliuawa na umati baada ya kuitwa wachawi, habari zikajaa kila mahali wiki moja, halafu zikapoa. Kilifi wazee wameuawa kwa hiyo lebo miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi ukichimba unapata ni shamba watu wanadai. Mswidi akiweka mchawi kwa gemu yake, kesi kubwa za wachawi kwao zilikuwa kati ya 1668 na 1676. Huyo shosh amekuwa mchoro kitambo. Wetu ako na wajukuu, na mjukuu mmoja anaweza kuwa amelipa tiketi kukaa kwa meza yako.

Sijasema utoe uchawi. Fantasia ya giza bila hofu ya kweli ni katuni. Lakini kwa meza ya mabeshte unajua nani alizika nani mwaka jana. Kwa kon hujui chochote. Na kwa meza ya Nairobi kuna kitu cha ziada: jini, kukimbiza usiku, kulogwa, hizo kwa wengine ni fantasia na kwa jirani yake wa kiti ni mambo ya ocha ya Disemba. Huwezi jua ukiangalia uso.

So nilibadilisha vitu vitatu. Shosh bado yuko, lakini sasa ni mama ya mpiga kengele, na ni yeye anawatuma. Hakuna mtu amemfunga. Wanakijiji wanavuka upande mwingine wa njia akipita, na hiyo peke yake imekuwa na giza kuliko tairi zote. Watu hunyamaza pale akiuliza, "Mkimpata, mtamwambia nimewatuma mimi, ama mtamwambia ni wao?"

Cha pili, karatasi ya kujiandikisha mezani siku hizi inasema wazi kile kiko ndani: vifo, maiti, giza, mtu mzima kupoteza akili. Mistari miwili tu. Msee akisoma na aone si yake, anaenda kucheza karata za monsta pale kando na hakuna aliyeumia.

Cha tatu ni kadi ya X. Hii iliundwa na John Stavropoulos, na ni rahisi mpaka unaona haya kuielezea: karatasi yenye X kubwa katikati ya meza. Mtu yeyote akiigusa, hicho kitu kinatolewa kwa stori, tunasonga. Hakuna kuuliza kwa nini. Ukiuliza kwa nini, umeua kadi. Inaenda pamoja na wazo la Ron Edwards la mistari na pazia: mstari ni kitu hakitatokea kabisa kwa hii meza, pazia ni kitu kinaweza tokea lakini nyuma ya pazia, hatukielezi. Kabla tuanze mimi nasema yangu kwanza ndio wengine wasione aibu. Mstari wangu: hakuna mtoto anaumizwa. Pazia: mateso. Halafu nawapatia karatasi ndogo waandike zao bila jina. Wengi wanaandika "hakuna" ama wanachora paka. Kuna siku mtu aliandika "maji," neno moja. Mnara wangu ulikuwa na kisima chini. Nikakifanya shimo kavu, na mpaka leo sijui ilikuwa karatasi ya nani.

Kuna wasee hukuambia hii ni ulaini, ati giza ni giza. Sikubaliani. Kadi imeguswa mara mbili kwa meza zangu saba, na mara zote mbili tulisonga kwa sekunde kumi. Kile imefanya sana ni kingine: watu wanajua breki iko, so wanakanyaga mafuta. Meza zenye kadi zimeniendea mbali gizani kuliko ile ya tairi.

Ukumbi hautakusaidia

Sahau mishumaa. Kumbi nyingi hawataki moto, na taa za juu zinawaka kama hospitali. Kando yako kuna mashindano ya gemu za kupigana kwa skrini kubwa, na stejini emsii anaita kosplei namba 14 kwa spika za harusi. Wewe unajaribu kunong'ona kuhusu kifo.

Fika mapema uombe meza ya ukutani, mbali na steji. Wachezaji wakae wameegemea ukuta, wewe uangalie ukuta, ndio wasitazame mabawa yakipita. Kitambaa cheusi cha gikomba, meta mbili, kinafanya meza ya plastiki iwe kitu. Na usipigane na spika. Kitu muhimu kiandike kwa kadi na uisukume mbele ya mtu mmoja asome kimya. Meza nzima itainama kumwangalia, na hiyo ndio giza utapata kwa ukumbi wenye taa mia.

Dadu za pande nyingi ni shida kupata, so beba seti mbili zako na uruhusu programu ya dadu kwa simu, lakini simu ilale kifudifudi baada ya kurusha. Dadu ya kawaida ya ludo inatosha kujua nani anaanza vita: moja mpaka tatu ni maadui, nne mpaka sita ni nyinyi.

Halafu kuna mathe. Mathe amekuja na kijana wa miaka kumi, anaona fuvu kwa kitabu chako, uso unabadilika. Usimcheke. Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na hofu kubwa ati D&D ni mlango wa shetani, mpaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaunda kikundi cha kuipiga vita. Na sisi tusijifanye: Kenya hii, 1994, serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani. Hiyo hofu imelelewa na watu wazima waliotulea. Geuza kitabu, mwonyeshe karatasi ya karakta, mwambie ni kama kutunga hadithi na dadu, na hii moja si ya watoto. Mmoja aliniuliza kama kuna ya watoto. Nikamwelekeza meza ya tatu.

Ile nusu saa ya mwisho

Kengele ya saba ikilia, stori imeisha, ata kama hawajafika juu ya mnara. Wakiwa hawajafika, ruka. Sema, "Mko juu. Mpiga kengele yuko mbele yenu. Amueni." Hakuna mtu amewahi nilalamikia chumba alichorukishwa, lakini nimeona nyuso za watu wa meza ya kwanza, tulipofukuzwa na wasee wa sloti inayofuata tukiwa kwa ngazi.

Mimi siwaambii nani alikuwa mkweli kati ya mpiga kengele na kijiji. Nasukuma ile kengele ya meza katikati, natoa mkono, nanyamaza. Meza nne zimeipiga. Mbili zimekataa. Moja walibishana mpaka saa nane, na dem wa nyani akaichukua akaifunga ndani ya sweta yake isilie kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo kaeni dakika kumi bila gemu. Uliza nani alipenda nini, nani alidedi vizuri. Mtu amekuwa kimya muulize ata kama ana njaa, kitu ya kawaida tu, umpatie nafasi. Kila mtu aende na karatasi yake, ata ya maiti, watu hupenda kubeba hizo.

Halafu kabla hawajasimama, hesabu dadu zako. Ile ya pande nane huwa ya kwanza kuhepa.